Fuso la Kurudisha Watu Kwao

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tatu, mwaka jana, nilimpoteza Luhende. Hakuwa ndugu yangu wa damu. Alikuwa utingo wangu, mkubwa kwangu kwa umri, na miaka yote niliyoshika usukani yeye alikaa nyuma na mzigo. Tulimtoa hospitali mjini Shinyanga tukampeleka kwake Tinde kwa gari dogo jeupe lenye kiyoyozi. Dereva alikuwa kijana mstaarabu, ameweka nyimbo za injili kwa sauti ya chini. Tulipofika njia panda alipita moja kwa moja bila kusimama. Hana kosa, hakuna aliyemwambia. Nikainama juu ya jeneza nikasema mwenyewe: "Luhende, hapa ni Tinde. Tunaingia kwako." Mke wake akanitazama, akaitikia kwa kichwa.

Tangu msiba ule uishe, vijana mnaomaliza chuo cha udereva mmekuwa mkija barazani kwangu na swali moja: Mzee Nkwabi, nianze na kazi gani? Mimi si msemaji. Yule aliyejua kusema ndiye tuliyemzika. Kwa hiyo nimeona niandike, msome kwa wakati wenu, mkiona nafaa mfuate na mkiona sifai mwache.

Niliingia chuo nikiwa mtu mzima. Nilikuwa nimechimba dhahabu Mwakitolyo mpaka kifua kikaanza kulia kama mlango mbovu, ndipo kaka zangu wakanichangia nikasome udereva. Chuo kilikuwa na Canter moja yenye herufi L nyekundu mbele na nyuma, na wanafunzi tulikuwa wengi, kwa hiyo sehemu kubwa ya udereva nilijifunza nimesimama pembeni nikiangalia wengine wakizima gari. Mwalimu wetu alikuwa na neno lake: "Breki ni ya mwisho. Macho ndiyo breki ya kwanza." Akimaliza kusema hivyo anakwenda kunywa chai, anatuachia gari.

Nilipopata leseni nilikuwa na kazi tatu za kuchagua, na nataka mjue nilivyochagua, maana sikuchagua kwa akili.

Ya kwanza ilikuwa kwa mkandarasi aliyemwagia maji barabara za vumbi upande wa mgodi wa Buzwagi, Kahama. Kofia ngumu, viatu vya chuma, mapumziko ya kueleweka. Waliniambia nisubiri nitapigiwa simu. Ya pili ilikuwa kubeba pamba kutoka vijijini kwenda kiwandani, lakini pamba ina msimu wake, na msimu ulikuwa bado. Ya tatu ilikuwa Fuso la tajiri mmoja wa Shinyanga. Nilimkuta dukani kwake, nikamwamkia, nikamuuliza gari linabeba nini.

"Linabeba watu," akasema.

"Fuso, tajiri? Watu?"

"Wanakuwa wamelala."

Akanipa funguo siku ile ile. Ndiyo sababu niliichukua. Nilikuwa na mke na sikuwa na simu iliyolia. Wengi wenu mtaanza hivyo hivyo, na si aibu. Lakini msiache kulikagua gari kwa sababu mna njaa.

Mkipewa gari msitazame rangi. Rangi ni ya tajiri. Tazameni pedali: mpira wa klachi ukiwa umekwisha na wa breki ni mpya, muulize ni nani aliyeubadilisha na kwa nini. Liendeshe kidogo, shuka, weka kiganja kwenye ringi za magurudumu, moja moja. La moto kuliko mengine linakuambia breki inashika. Kisha muulize utingo, si tajiri, dereva aliyetangulia aliondokaje. Tajiri anajua gari lilipokwenda. Utingo anajua lilivyokwenda.

Mimi nilipanda kwenye Fuso lile, nikasukuma kiti nyuma, na mguu wangu ukagusa kitu. Vilikuwa viatu. Jozi moja ya ngozi, vimepangwa vizuri, visigino vimeelekea mlangoni. Luhende alikuwa amekaa kwenye bodi nyuma anakula karanga.

"Mzee shikamoo. Hivi viatu vya nani?"

"Marahaba. Vya dereva."

"Alikufa?"

"Afe kwa nini? Yupo Nzega anauza mkaa, ana afya kuliko wewe. Siku moja alisimamisha gari porini, akavua viatu, akashuka, akaondoka kwa miguu. Nimempigia simu aje avichukue. Anasema hataki kuliona hili gari hata kwenye ndoto."

"Aliona nini?"

"Hakuona kitu, ng'wanawane, mwanangu. Alichoka kusikiliza."

Ninyi mliokulia mjini pengine hamjui. Machimboni watu wanatoka kila upande wa nchi. Mtu akifa huko, wenzake hawamziki huko. Wanachanga, wananunua jeneza, wanakodi gari, na mmoja wao anamsindikiza mpaka kwao. Siku hizi kuna magari yenye jokofu. Wakati ule kulikuwa na Fuso, turubai, na tawi la majani mabichi lililofungwa mbele ya kioo ili wenye magari mengine watupishe.

Na kulikuwa na kazi ya Luhende. Kila tulipofika darajani au njia panda kubwa, aligonga bodi, mimi nikasimama, naye akainama kichwani kwa marehemu akamwambia tulipo. Anamwita jina, anamwambia hapa ni mahali fulani, tunashika njia fulani, usishuke, twende. Kisha anagonga tena, tunaondoka. Mwanzoni nilidhani ni ya kwetu Usukumani tu, lakini nilibeba Wakurya, Waha, Wanyaturu, Waislamu na Wakristo, na msindikizaji hata mmoja hakukataa. Walikuwa wakitulia akisema, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Sasa nitawaambia safari yangu ya kwanza.

Marehemu alikuwa mchimbaji aliyeugua kifua, akafia hospitali mjini Shinyanga. Msindikizaji alikuwa mwenzake wa duara moja, yaani shimo moja la kuchimbia, Mkurya aitwaye Chacha, mtu mrefu mwenye maneno mengi. Marehemu aliitwa Sindano. Kwao ni kijiji kimoja mbele ya Runzewe, huko mkoa wa Geita. Tulifunga jeneza kwa kamba, Luhende akakaa kichwani, Chacha akakaa mbele na mimi, tukaondoka asubuhi kabla jua halijawa kali.

Mpaka Tinde gari lilikwenda vizuri. Fuso tupu lina tabia ya kurukaruka nyuma, na jeneza moja si mzigo, kwa hiyo liliruka, na Chacha akawa ananichokoza.

"Dereva, umejifunzia kwenye punda? Sindano atafika amevunjika mbavu."

"Vumilia. Ndiyo safari yangu ya kwanza."

"Ya kwanza! Mzee Luhende! Umesikia? Tumepewa mwanafunzi!"

Tinde, Luhende akagonga. Nikasimama pale wanapouza mahindi ya kuchoma. Nikamsikia nyuma: "Sindano. Hapa ni Tinde. Hii ya kushoto ni ya Nzega, hatuendi. Tunashika ya Kahama. Usishuke. Twende." Wauza mahindi walinyamaza mpaka akamaliza. Akagonga, nikaingiza gia.

Tulipoiacha Tinde, gari likawa zito.

Nataka mnielewe vizuri hapa, maana mtakuwa madereva. Uzito wa gari hausomwi kwenye saa yoyote. Unausikia kwenye mgongo na kwenye goti la klachi. Gari tupu linakutangulia, lenye mzigo linakukalia. Kule nyuma kuliacha kuruka. Likatulia kabisa, likakaa barabarani kama limepakia magunia ya mpunga. Gia ya nne ikakataa kukaa, nikarudi ya tatu. Barabara ile haina mlima, mnaijua, unaona mbele mpaka macho yanachoka. Nilikuwa natambaa na gia ya tatu mahali tambarare, jua la saa sita, hakuna gari mbele wala nyuma, hakuna hata mchunga ng'ombe. Chacha aliacha utani.

Baada ya Isaka nikasimama bila kugongewa. Nikashuka, nikaweka kiganja kwenye magurudumu. Yote yalikuwa baridi. Breki haishiki. Nikatazama dizeli, haina maji. Nikatazama matairi. Luhende alishuka akapiga magoti, akachungulia spring za nyuma, akakaa hapo chini muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nikainama nami. Zilikuwa zimelala. Zimenyooka kama za gari lililojaa.

Sijui kwa nini. Zilikuwa spring za zamani, na fundi mmoja aliniambia baadaye kwamba spring za zamani zinaweza kufanya hivyo kwenye joto. Inawezekana. Ninawaandikia nilichokiona kwa macho yangu.

Luhende akasimama, akajipangusa magoti. "Chacha. Huyu jina lake nani?"

"Si Sindano, mzee? Umemwita mwenyewe."

"Sindano ni la machimboni. Nauliza alilopewa na mama yake."

Nikamwona Chacha anavyotafuta kichwani na hapati kitu. Machimboni hamuulizani. Unafika, mtu anakutazama, anakubandika jina, na kuanzia hapo ndilo lako. Wewe mwembamba, basi Sindano. Hospitali nako walipouliza jina, wenzake walitaja hilo hilo, na hilo hilo likaandikwa.

"Tumelala blanketi moja," Chacha akasema. "Najua anavyokoroma. Najua hali samaki. Jina... mzee, mimi jina lake silijui."

"Na huko kijijini umewapigia nani simu?"

"Ningempigia nani? Nilijua tutafika, nitauliza kwa mama yake Sindano."

Luhende hakumgombeza. Alisema taratibu tu, "Bebe, wewe, huko hakuna mtu anayemjua Sindano." Kisha akanigeukia mimi. "Dereva. Ndiyo maana hajui kama ndiye anayesemeshwa. Nimemwita jina la watu wa duara, basi anafikiri tunawaita na wengine, na hao wengine wamepanda. Endesha tu. Nitakaa kimya mpaka tulipate."

Nilipanda. Nitasema ukweli: nilitazama chini ya kiti, mahali vilipokuwa vile viatu. Nikamwelewa yule bwana wa Nzega. Lakini ndani ya sanduku kulikuwa na mtoto wa mtu, jua linawaka, na zisingepita saa nyingi kabla hajaanza kuharibika. Nikiliacha gari pale, mama yake hatamwona kamwe, na hata hatajua kwamba hatamwona. Nikaingiza gia ya tatu.

Tulipita Kahama, tukapita Ushirombo, na kila darajani nilipunguza mwendo kwa mazoea na Luhende hakugonga. Chacha alikuwa amekunja mikono anatazama nje. Mara moja tu aliuliza: "Hivi wewe wanakuitaje kwenu?" Nikamwambia Nkwabi. Akasema, "Mimi Marwa. Chacha ni la machimboni. Ukinibeba, niite Marwa."

Kijiji tulikifikia jua limeanza kulegea. Mwanzoni mwa kijiji palikuwa na bomba la kusukuma, na wanawake wamepanga ndoo. Walipoona tawi la majani kwenye kioo wakaacha kusukuma. Nikashuka, nikawaamkia wakubwa. Nikasema tumetoka machimboni Mwakitolyo, tunamtafuta mama mwenye mtoto wa kiume huko.

Nikadhani hawajasikia, nikarudia.

Mama mmoja mnene akasema, "Baba, sisi wote."

Kijiji kizima kilikuwa kimepeleka watoto machimboni. Hapo kwenye bomba hakukuwa na mwanamke asiye na mtoto wake huko. Wakaanza kuja kwenye gari, wakiacha ndoo zimejaa, na wengine wakatoka majumbani, maana habari ilikimbia. Hawakupiga kelele. Hawakulia. Mwanamke hawezi kulilia sanduku lisilokuwa lake, wala hathubutu kusema si lake. Wakalizunguka Fuso wakaweka viganja kwenye bodi, wote, wakatuangalia.

"Anaitwa nani?" mmoja akauliza.

"Sindano," Chacha akasema.

"Fungua tuone," mwingine akasema.

Luhende akasema hapana, marehemu hafunguliwi barabarani kama bidhaa, atafunguliwa ndani ya kwao. Nikafikiri watamshusha wampige. Lakini wale kina mama walikubali mara moja. Yule mnene akamwambia Chacha: "Basi mseme alivyo. Ulikaa naye."

Ndipo nikamwona Chacha mwenye utani akifanya kazi ambayo sijaona mtu mwingine akiifanya. Alipanda juu ya tairi la nyuma ili waone uso wake, akaanza kumsema rafiki yake.

"Mwembamba. Si mrefu sana."

Wakasubiri. Wembamba wote wa kijiji wako machimboni.

"Hali samaki."

Mikono kadhaa ikatoka kwenye bodi. Wale waliotoa mikono walirudi nyuma hatua chache, wakafunika midomo kwa kanga, na niliona jinsi walivyojitahidi furaha isionekane. Mmoja alichutama akatapika.

"Ana kovu la jembe kwenye mguu. Wa kushoto. Anaogopa vyura, ukimwekea chura kwenye buti anaweza kukuua."

Mama mmoja akacheka, cheko fupi la kushtuka, akasema, "Wangu anawala," akaondoka mbio kuelekea kwake. Mikono ikaendelea kutoka. Mwisho wakabaki wawili. Mmoja alikuwa mzee kidogo, kitambaa cheusi kichwani. Mwingine bado ana nguvu, amembeba mjukuu mgongoni. Wote wawili watoto wao hawali samaki, wote wana kovu la jembe, maana nani hana. Walisimama wamekaribiana mpaka mabega yakagusana, na wala hawakutazamana.

"Sema kingine, baba," yule wa kitambaa akasema.

"Sina kingine, mama." Chacha alikuwa analia wazi. "Sina. Labda... usingizini. Alikuwa akisema usingizini. Kila mara jambo moja: mama, ndama nimemwona, usinipige. Ndama nimemwona."

Yule wa kitambaa cheusi alikaa chini. Hakuanguka. Alikaa kama mtu anayekaa kumenya mihogo, akanyoosha miguu mbele yake barabarani.

"Mabula," akasema. "Hakumwona. Alikuwa anadanganya ili nisimpige. Nilimpiga."

Luhende alikuwa ameshapanda. Nikamsikia akiinama kichwani, akisema kwa sauti ile ya Tinde: "Mabula. Hapa ni kwenu. Mama yako yuko hapa chini. Tunaingia nyumbani. Twende."

Akagonga. Nikampandisha yule mama mbele, katikati yangu na Chacha, akanionyesha njia kwa kidole bila kusema. Mtaniuliza kama gari lilikuwa jepesi. Njia ya kwake ilikuwa mteremko mtupu mpaka mlangoni, kwa hiyo siwezi kusema.

Tulimshusha, akafunguliwa ndani, akawa ndiye. Tulizika kesho yake asubuhi, na mimi na Luhende tulishika makoleo pamoja na wanaume wa pale. Hilo pia mlijue: kazi kama hii haiishii kwenye usukani. Chacha aliomba abaki siku za matanga, akasema anataka kumsikia mama yule akimsimulia huyo Mabula, maana yeye alimjua Sindano tu. Tukamwacha anapasua kuni.

Tulipokuwa tunaondoka, Luhende alikuja kwanza dirishani kwangu.

"Dereva, kama unataka kushukia Kahama uende kwa wale wenye kofia, sema sasa. Sitakupigia simu kama yule wa viatu."

Nikamwambia apande.

Pale kwenye bomba, yule mama wa pili alikuwa amesimama kando ya barabara. Mjukuu hakuwa naye. Alikuwa amevaa viatu vya kuendea kanisani, na kifurushi cha kitenge kimefungwa vizuri. Alinyoosha mkono kabla hatujamfikia. Nikasimama.

"Wangu anaitwa Lucas," akasema. "Huko machimboni sijui wanamwitaje. Tangu mvua za mwanzo hajapiga simu."

Niliegemea upande wa pili nikamfungulia mlango, akatanguliza kifurushi, akapanda.